Mbiu Inapolia Bure: Ugonjwa wa Tezi la Shingo

Ndugu msomaji, ukiona mtu ana uvimbe shingoni unasema nini? Wengi wetu hapa Mwimbi tunasema, "Huyo ana rovu. Hali chumvi ya madini joto." Mara nyingi tunasema kweli. Lakini si kila mara.

Wako watu wanaokula chumvi yenye madini joto kila siku, na bado tezi lao la shingo linaugua. Mmoja anakula sahani mbili za ugali, lakini anazidi kukonda. Mwingine moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa tu. Mwingine macho yanatoka nje kama mtu aliyeshtuka. Majirani wanaanza kunong'ona. Huyu anasema ni UKIMWI, yule anasema amerogwa. Mgonjwa naye anazunguka kwa waganga, mali inakwisha, na ugonjwa unaendelea.

Ugonjwa huu unajulikana. Unapimwa kwa damu, na dawa zake zipo. Leo tutaeleza unavyoanza, na kwa nini dalili zake ziko vile zilivyo.

TEZI LA SHINGO LINAFANYA KAZI GANI?

Shika koo lako kwa vidole. Chini kidogo ya kikoromeo kuna tezi lenye umbo la kipepeo. Kwa mtu mzima mwenye afya lina uzito wa gramu 20 hivi. Waganga wa hospitali wanaliita tezi la thairodi.

Kazi yake ni kutengeneza homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi, kikaingia katika damu na kwenda kuamuru sehemu nyingine za mwili. Homoni ya tezi la shingo ni kama kuni chini ya chungu. Kuni zikiwa za kutosha, chungu kinachemka vizuri. Zikizidi, chungu kinafurika. Zikipungua, ugali hauivi. Na mwili wa mtu ni hivyo hivyo. Homoni ikizidi, mwili wote unakwenda mbio. Ikipungua, mwili wote unapoa na kuzubaa.

Ili kutengeneza homoni hiyo, tezi linahitaji madini joto. Mtu mzima anahitaji kidogo sana kwa siku, lakini hicho kidogo asikikose. Akikikosa, tezi linajitahidi na kujitahidi mpaka linavimba. Hilo ndilo rovu tunalolijua.

ROVU LA ZAMANI

Nchi ya milima kama Ufipa ina shida ya madini joto. Mvua za miaka mingi zimeyaosha kutoka katika udongo. Kwa hiyo mahindi, ulezi na maharage yetu yana madini hayo kidogo. Wazee wetu walipata chumvi ya Ivuna, kule bonde la Ziwa Rukwa, na ya Uvinza, Kigoma. Ilikuwa chumvi nzuri ya kutia ladha, lakini haikuwa imetiwa madini joto.

Ndiyo maana marovu yalikuwa mengi katika nyanda za juu za kusini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana. Katika miaka ya 1990 zikatungwa kanuni kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Kazi hiyo imesaidia sana. Watoto wengi wamezaliwa na akili timamu kwa sababu mama zao walipata madini hayo wakiwa wajawazito.

Basi tusiiache chumvi hiyo. Lakini tujue pia kwamba uko ugonjwa mwingine wa tezi ambao chumvi peke yake haiuponyi. Huo unatoka kwa askari wa mwili wenyewe.

ASKARI WA MWILI NA MBIU YAO

Ndani ya damu yetu kuna chembe nyeupe. Hizi ni askari. Kazi yao ni kupambana na wadudu wa magonjwa wanaoingia mwilini. Askari hao wana silaha za namna nyingi. Silaha moja inaitwa kingamwili. Ni protini inayomnasa adui fulani, ili askari wamtambue na kumwondoa.

Sasa, askari hawawezi kufanya kazi bila kupashana habari. Kijijini tunasema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwilini nako iko mbiu. Chembe moja ikimwona adui, inatoa protini ndogo sana za ujumbe. Protini hizo zinaitwa saitokini. Ziko za aina nyingi. Moja inaita askari wengine waje. Nyingine inawaambia waongezeke. Nyingine inawaambia, "Sasa basi, adui amekwisha, rudini nyumbani."

Katika mwaka 1957 watafiti wawili, Isaacs na Lindenmann, waligundua protini ya ujumbe ya namna hii mjini London, Uingereza. Waliiita intafironi. Tangu hapo nyingine nyingi zimegunduliwa.

Wewe msomaji umekwisha kuzisikia saitokini mwilini mwako, ingawa hukujua jina lake. Kumbuka ulipougua malaria. Ulitetemeka, ukapata joto kali, viungo vikauma, chakula kikakushinda. Mdudu wa malaria hana moto wake mwenyewe. Anapopasua chembe za damu, askari wako wanapiga mbiu. Saitokini zinaingia katika damu na kuufikia ubongo. Ubongo unaamuru, "Pandisha joto!" Hapo unatetemeka na kuomba blanketi. Kwa hiyo homa, uchovu na kukosa hamu ya kula ni kazi ya mbiu. Adui akishindwa, mbiu inanyamaza, nawe unapona.

MBIU INAPOLIA BURE

Je, mbiu ikilia na adui hayupo, itakuwaje? Mgambo watatoka na marungu usiku. Watamkamata nani? Watamkamata mwenye nyumba mwenyewe.

Hivyo ndivyo inavyotokea katika ugonjwa huu. Askari wa mwili wanalikosea tezi la shingo. Wanaliona kama adui. Saitokini zinaita askari waingie ndani ya tezi. Chembe za tezi lenyewe nazo, zikisikia mbiu hiyo, zinatoa protini nyingine za kuita askari zaidi. Mbiu inaita mbiu. Ndiyo maana ugonjwa ukianza hauishi wenyewe kwa siku mbili tatu kama mafua.

Mambo yanaweza kwenda kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: kuni zinazidi. Chini ya ubongo kuna tezi dogo ambalo ni kama mkuu wa kazi. Linapeleka amri kwa tezi la shingo, "Tengeneza homoni kiasi fulani." Katika ugonjwa huu, askari wanatengeneza kingamwili inayofanana na amri hiyo. Ni kama barua ya bandia yenye muhuri wa ofisi. Tezi la shingo halijui kwamba ni ya bandia. Linafanya kazi usiku na mchana. Mkuu wa kazi akiona homoni imejaa, anaacha kabisa kupeleka amri. Lakini barua za bandia zinaendelea kuja. Watafiti Adams na Purves wa New Zealand waliona dalili ya kwanza ya jambo hilo katika damu ya wagonjwa mwaka 1956. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na daktari Robert Graves wa Ireland mwaka 1835. Ndiyo maana unaitwa ugonjwa wa Graves.

Njia ya pili: kuni zinakwisha. Hapa askari hawaleti barua ya bandia. Wanaingia na kubomoa. Saitokini zinazihimiza chembe za tezi zife. Polepole, kwa miezi na miaka, tezi linashindwa kutengeneza homoni. Daktari Hakaru Hashimoto wa Japani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1912, na unaitwa kwa jina lake.

DALILI ZAKE

Homoni ikizidi, angalia haya:

1. Moyo unakwenda mbio hata mtu akipumzika.
2. Anakonda ingawa anakula vizuri.
3. Anatoka jasho na kuona joto. Hapa kwetu Juni na Julai upepo unakata masikio. Wote tunavaa makoti, yeye analivua.
4. Mikono inatetemeka.
5. Hapati usingizi, anakasirika upesi, hatulii.
6. Choo kinakuja mara nyingi.
7. Mwanamke anaweza kupata hedhi kidogo au kuikosa.
8. Shingo inavimba, mara nyingi pande zote mbili.

Homoni ikipungua, mambo yanageuka:

1. Mtu anaona baridi hata jua likiwa la mchana.
2. Anachoka na kusinzia.
3. Mwili unaongezeka uzito ingawa hali sana.
4. Ngozi inakauka, uso unavimba, nywele zinapukutika.
5. Choo kinakuwa kigumu.
6. Sauti inakuwa nzito, na mawazo yanakwenda polepole.

Mtu wa namna hii tunamwita mvivu. Mume anagomba, "Mke wangu siku hizi halimi, analala tu." Kumbe ni mgonjwa.

HABARI YA MACHO

Macho tuyaeleze peke yake. Baadhi ya wagonjwa wa Graves macho yao yanatoka nje, yanakuwa mekundu, yanawasha na kutoa machozi. Wengine wanaona vitu viwili viwili.

Jambo hili halitoki kwa homoni peke yake. Nyuma ya jicho kuna nyama na mafuta. Askari wanaingia huko pia. Saitokini zinaziamuru chembe za huko zitengeneze kitu kinachovuta maji kama sifongo. Nyama inavimba na mafuta yanaongezeka. Nyuma kuna mfupa, hakuna nafasi. Jicho linakwenda wapi? Linasukumwa mbele.

Hapo unaweza kuona kwa nini mgonjwa anaweza kutumia dawa, homoni yake ikawa sawa, lakini macho yakaendelea kumsumbua. Homoni imeshuka, lakini mbiu bado inalia nyuma ya macho. Huyo asikate tamaa wala asiseme dawa ni mbaya. Amwone daktari wa macho. Na kama anavuta sigara au tumbaku, aache. Imethibitishwa kwamba moshi wa tumbaku unazidisha ugonjwa huu wa macho.

SI UCHAWI

Ndugu wananchi, hapa tuseme wazi. Katika nchi yetu, hasa Usukumani, akina mama wazee wamewahi kuuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Watu walisema ni wachawi. Wengi wao walikuwa wamepika miaka mingi katika moshi. Damu hiyo ilimwagika kwa ujinga.

Basi ukimwona mama mwenye macho yaliyotoka nje, usimnyooshee kidole. Mshike mkono umpeleke hospitali. Macho hayo si ya kuroga, wala si ya kurogwa. Ni askari wa mwili waliokosea njia.

NANI ANAPATWA?

Wanawake wanapatwa zaidi kuliko wanaume, mara tano au zaidi. Mara nyingi ugonjwa unafuata ukoo. Kama mama au dada ameugua tezi, wewe uwe macho. Wanawake wengine wanaanza kuugua katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Ugonjwa hauambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa, na kulala naye kitanda kimoja.

Kuna ushahidi mmoja mzuri kwamba mbiu ndiyo inayoleta matata. Intafironi ilitumiwa na madaktari kama dawa ya sindano kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C. Baadhi ya wagonjwa hao, ambao tezi zao zilikuwa nzima, walianza kuugua tezi la shingo. Yaani mbiu ililetwa kwa sindano, nao askari wakashambulia tezi.

Kwa wanaotumia dawa za ARV tunasema hivi. Dawa hizo zinawafufua askari wa mwili, na hilo ni jema. Lakini kwa watu wachache, mwaka mmoja mpaka mitatu baada ya kuanza dawa, askari waliofufuka wanalikosea tezi. Mtu alikuwa amenenepa vizuri, ghafla anakonda tena na moyo unakwenda mbio. Asiache ARV hata siku moja. Amweleze mganga wa kliniki, aulize kama tezi lake lipimwe.

Na mwenye rovu la zamani, lenye mabonge, naye ajihadhari. Tezi lililozoea njaa ya madini joto, likiyapata mengi linaweza kutengeneza homoni kupita kiasi. Katika miaka ya 1990 jambo hilo lilionekana Zimbabwe na Kivu, huko Kongo, chumvi ya madini joto ilipoenea. Huo si ugonjwa wa askari, lakini dalili za moyo na kukonda ni zile zile. Dawa yake ni kupimwa. Si kuwanyima watoto chumvi nzuri.

JIPIME NYUMBANI

Uko na saa au simu yenye saa? Basi unaweza kufanya mambo matatu.

Kwanza, kaa chini upumzike dakika kumi. Weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika moja. Kwa mtu mzima aliyepumzika ni kati ya 60 na 100. Yakizidi 100 siku kwa siku, nenda kapimwe.

Pili, nyosha mikono mbele, vidole vikiwa wazi. Mtu akuwekee ukurasa mmoja wa gazeti hili juu ya vidole. Ukurasa ukitikisika sana, mikono inatetemeka.

Tatu, simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, unywe maji. Uvimbe wa tezi unapanda na kushuka unapomeza.

Vipimo hivi havitoshi kusema una ugonjwa gani. Homa, upungufu wa damu na hofu pia vinaupandisha moyo. Vinatosha tu kukuambia usikae nyumbani.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Anza zahanati au kituo cha afya. Eleza dalili zote, usifiche. Ikihitajika utaandikiwa rufaa kwenda Matai, Sumbawanga au Mbeya. Kipimo kikubwa ni cha damu. Wanaangalia homoni ya tezi la shingo, na pia amri ya yule mkuu wa kazi wa chini ya ubongo. Homoni ikiwa nyingi na amri ikiwa karibu haipo, wanajua tezi linakwenda mbio bila kuamriwa.

Kwa homoni iliyozidi iko dawa inayoitwa kabimazole. Inapunguza kazi ya tezi. Kwa kawaida inamezwa mwaka mmoja mpaka mwaka mmoja na nusu. Iko pia propranolo, ya kutuliza moyo na mikono. Mwenye pumu aseme kabla ya kupewa. Mwanamke mwenye mimba au anayetaka kuzaa aseme pia, maana dawa zinachaguliwa kwa uangalifu. Dawa zikishindwa, kuna upasuaji, au madini joto yenye mionzi, ambayo yanatolewa katika hospitali kubwa kama Ocean Road, Dar es Salaam.

Shika neno hili. Ukiwa unatumia kabimazole, kisha ukapata homa na koo kuuma, usiseme ni mafua. Mara chache dawa hii inawaua askari wa damu. Usimeze kidonge kinachofuata. Nenda hospitali siku ile ile, useme unatumia kabimazole, upimwe chembe nyeupe.

Kwa homoni iliyopungua kuna kidonge cha levothairoksini. Kinaleta homoni ambayo tezi limeshindwa kuitengeneza. Kinamezwa asubuhi kabla ya kula, kwa kawaida maisha yote. Usikiache kwa sababu umepata nguvu. Nguvu hiyo inatoka kwenye kidonge.

Mgonjwa wa homoni nyingi akipata homa kali, akatapika, akachanganyikiwa na moyo ukaenda mbio sana, hiyo ni hatari ya kufa. Msingoje asubuhi. Tafuteni pikipiki au gari.

TUFANYE NINI SASA?

Tununue chumvi yenye madini joto, tuifunike, tusiiache juani. Tuitie chakula kinapokaribia kuiva.

Tusichanje shingo kwa wembe. Uchanjaji haunyamazishi mbiu. Unaleta vidonda na magonjwa mengine.

Tusimwite mvivu aliyechoka, wala mchawi mwenye macho. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kuchimba vyoo. Walijifunza kwamba ugonjwa una sababu. Na ugonjwa huu unayo. Kujua kusoma kuna faida gani kama hatuitafuti sababu hiyo?

MANENO MAPYA

Homoni: kitu kinachotengenezwa na tezi na kupita katika damu ili kuamuru mwili.
Kingamwili: protini ya askari wa mwili inayomnasa adui.
Rovu: uvimbe wa tezi la shingo.
Saitokini: protini za ujumbe zinazotumwa na chembe za mwili, hasa askari wake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mtu anayekula chumvi yenye madini joto anaweza bado kuugua tezi la shingo?
2. Homa ya malaria na macho yanayotoka nje yanafanana kwa jambo gani?
3. Taja dalili tatu za homoni iliyozidi na tatu za iliyopungua.
4. Katika kijiji chetu, ni nani amewahi kuchekwa au kuogopwa kwa sababu ya ugonjwa? Msitaje jina. Semeni mtamsaidiaje.